Mafuta ya Mama, Kutoka Ohio

Siku ya ine, 7/8/2025. Louisville

Karte ya mama imefika! Iko na picha yake, jina yake, na Kentucky imeandikwa juu. Mama ameishika na mikono mbili, ameibusu. Kisha ameiweka mu farde yake ya bleu pamoja na makaratasi ya camp ya bakimbizi, green card, karatasi ya chanjo, yote. Mama hatupake karatasi ya serikali hata moja.

Mwalimu wa English alisema tuandike kila siku. Hakusema mu luga gani. Basi naandika hivi.

Docteur amemupa ruhusa ya dawa juu ya mugongo yenye inamuuma. Ni mafuta, matone chini ya ulimi. Ni bangi. Mama anajua ni bangi. Maman Bamurange, ule anamutafsiriaka ku hospitali, alimuambia wazi: «Mama Generoza, ni ile majani tu ya basoda na bezi, mais hii ni ya docteur.» Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu akasema: Pasteur asijue.

Bon. Karte iko — duka haiko! Sheria ya Kentucky inaruhusu bagonjwa tangu mwezi wa kwanza, mais hakuna duka hata moja yenye imefungua. Maman Bamurange alipiga simu fasi tatu. Bote: ngojeni. Tungoje mpaka lini? Mama analalaka ameketi ku kiti. Vidonge vilimukata tumbo, akatapika damu, docteur akakataza. Miye nalalaka ku chumba ya pili, namusikia anaita jina ya papa yetu. Papa alikufa kitambo.

Siku ya posho, 9/8. Columbus

Masaa tatu na nusu mu gari, peke yangu. Yaya Précieuse, dada yangu mukubwa, njo aliniita. Anafanya kazi mu kampuni yenye inalima ile majani ndani ya nyumba ya vioo. Kampuni iko na ruhusa ya state ya Ohio. Yeye anafunga tu mu ma boîte. Iko na badge ku shingo, picha na muhuri, anaivaa hata akienda kununua nyanya!

Anasema: huku mutu muzima yeyote ananunua, habakuulizi ugonjwa. «Unaonyesha ID, unalipa, unatoka. Acha kutetemeka, Cikuru. Unafanana na mwizi wa kuku.»

Duka ni safi kuliko pharmacie. Askari ku mulango amechukua ID yangu, ameipitisha mu mashini. Mashini imelia. Nimeuliza Yaya kwa nini inalia.

«Imekujua sasa.» Akacheka.

Miye sikucheka. Niliangalia juu, nikahesabu kamera. Saba. Hapana — nane.

Ku kurudia, nilifika ku daraja ya muto Ohio, pale state inabadilika. Hakuna barrière. Hakuna kamba, hakuna musoda wa kukuomba kitu. Gari zinapita mbio tu. Kwetu mupaka iko na mutu, unamuona, anakuona, unajua. Hii haina mutu. Utajua namna gani kama umeivuka vibaya?

Chupa ya mafuta ilikuwa mu kaboksi ya mbele. Kidogo sawa vile chupa ya iode. Nilitoka jasho mpaka ku nyumba yetu, Beechmont.

Siku ya kwanza, 18/8

Mama amelala! Ku kitanda, miguu imenyooka. Nilisimama ku mulango naangalia kama anapumua.

Leo nimerudi toka kazi ku depo, nimemukuta anasonga bugali mwenyewe. Anasimama! Nilikuwa nimesahau sauti ya mwiko yake, namna anagonga sufuria mara mbili ku mwisho. Alienda mpaka kituo ya bus bila fimbo. Anasema mwanamke Musomali alimusalimia, bakaongea na mikono.

«Papa wangu,» ameniambia, ananiitaka hivyo juu nilipewa jina ya baba yake, «Mungu akupe miaka.»

Matone tano asubui, tano mangaribi. Chupa itafika mwisho wa mwezi. Nitarudia kule.

Siku ya Mungu, 7/9

Pasteur amehubiri juu ya batoto benye banavuta bangi nyuma ya supermarket ya Kroger. Amepiga meza. Mama alisema Amen kuliko bote! Miye niliangalia viatu yangu.

Mu gari nimemuambia: Mama, umesema Amen.

Akakasirika. «Ile ni ya batoto ya barabara. Yangu ni ya serikali. Serikali ilinipa karte na picha yangu. Unazania serikali itanipa karte ya zambi?»

Nikawasha gari, tukarudi.

Siku ya tano, 26/9

Barua! Mama ameitwa ku interview ya uraia. Tarehe 14 mwezi wa 11, hapa hapa Louisville. Docteur aliandikaka kwamba kichwa yake haiwezi kushika English juu ya mambo ya vita, basi ataenda na Maman Bamurange kumutafsiria.

Mama akipita, ataapa. Akiapa, hakuna mutu atamurudisha Congo tena. Hii njo kitu moja anaomba kila asubui. Hapana nyumba, hapana gari. «Nisirudishwe.»

Ku depo batu banaogopa immigration. Ule Mucuba alinifundishaka kufunga palette hakuonekana tangu siku ya pili. Gants zake za mikono ziko juu ya mashini. Hakuna mutu anazigusa.

Mama ameanza kupanga farde. Karte ya mafuta ameiweka ya pili, nyuma ya green card. Hata risiti za Columbus ameziweka. Nimeuliza juu ya nini. Akanikumbusha camp.

Najua ile habari, mais tuiandike. Kule camp ya Nakivale, Uganda, interview ya kwanza ya kuja Amerika, mama alificha kitu. Basoda, bale ba bunduki, balimubebaka mu pori wiki mbili. Juu ya aibu hakuisema. Papa yeye aliisema. Bale benye dossier bakaona maneno haifanane, bakasema hii famille inadanganya. Dossier ikalala miaka ine. Papa akafa ndani ya ile miaka ine, na malaria, akingojea.

Tangu pale mama anasemaka: mbele ya muzungu mwenye dossier, usifiche hata sindano.

Siku ya posho, 11/10. Buffalo

Dot, sherehe ya mahari, ya binti wa Tonton Nshombo, muzee wa famille yetu. Mama amebaki, njia ni ndefu juu ya mugongo wake. Miye nilipitia Columbus, nikanunua chupa, nikachukua Yaya, tukaendelea pamoja.

Karibu na Erie, polisi nyuma yetu. Maili nane! Yaya alikuwa anaimba, akaacha. Halafu polisi akatupita, akaenda zake. Yaya akaanza tena kuimba, mais sauti ilikuwa ingine.

Nyumba ya Tonton iko Riverside, muto Niagara inaonekana ukisimama ku ngazi. Ng'ambo ni Canada. Batu wengi, bière, mbuzi. Bale ba upande wa kijana balikuja na mushenga mwenye anaongea sana, alisifu binti mpaka binti akajificha nyuma ya frigo.

Tonton ameniona ku kona. «Cikuru! Weye ku dot yako tutatuma nani? SMS?»

Batu bote bakacheka. Nikacheka pia, kidogo.

Kisha bakaongea duka ya bangi yenye imefunguliwa karibu na kanisa yao. Tonton alisimama na kikombe: «Kentucky, mpaka uwe mugonjwa. Ohio na New York, mpaka uwe mutu muzima tu. Bientôt bataiuzisha pamoja na mukate!» Na shemeji yake: «Kwetu ulikuwa unaivuta unapigwa fimbo. Huku unalipia taxe, banakuambia merci!»

Yaya alionyesha badge yake. Bakaipitisha mukono kwa mukono sawa vile picha ya mutoto muchanga.

Siku ya Mungu, 12/10. Buffalo

Sijalala muzuri. Tuandike haraka mbele ya kusahau.

Nyuma ya ibada Tonton alinipeleka mutaa ya Lower West Side, mu salle moja. Mwanamke mwanasheria alikuja kufundisha batu ba refugee juu ya uraia. Mutu mufupi, kichwa nyeupe, viatu ya michezo. Murundi mumoja alikuwa anatafsiri, Kiswahili ya kitabu, polepole, nikasikia yote. Yaya hakuja. Alibaki kuosha sufuria.

Alisema: state inaweza kukupa karte. State inaweza kupa duka ruhusa. Mais uraia hautoki kwa state. Unatoka Washington, na kwa Washington ile majani ingali ni haramu. Kwa raia haina neno kubwa. Kwa mutu asiye raia — hatari. Kuitumia ni hatari. Kufanya kazi mahali inalimwa ni hatari, hata kampuni ikiwa na ruhusa. Na kuitoa state moja kuipeleka ingine, hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, hiyo inaitwa kusafirisha. Unaweza kunyimwa uraia. Unaweza kupoteza green card. Unaweza kurudishwa.

Mzee mumoja akauliza: hata na karatasi ya docteur?

Hata na karatasi ya docteur.

Mutu akasema nyuma yangu, polepole, «Sasa karte ni ya nini? Ni mutego?» Hakuna mwenye alicheka.

Mwanasheria akasema: msidanganye, kudanganya kunaharibu zaidi. Mais mutu mwenye hii shida asiende ku interview peke yake. Aone mwanasheria mbele. Interview inaweza kuahirishwa.

Nilitaka kunyoosha mukono. Mukono ilikuwa chini ya paja yangu. Nikaiambia toka. Haikutoka. Batu hamusini mu ile salle, na inje, mu gari yangu, chupa.

Ku mwisho alikuwa anagawa ka karte na namba yake. Nimechukua moja. Aliniangalia. Nikasema thank you, nikatoka.

Siku ya kwanza, 13/10. Mu njia, station ya essence

Nimemuambia Yaya yote. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akapiga tableau ya gari na mukono.

«Niko na badge ya state! Nalipa taxe! Bananipimaka vidole, banajua jina yangu, adresse yangu, kila kitu!»

Nikasema: ndiyo, banajua.

Yeye alitaka kujaza makaratasi yake ya uraia mwaka unaokuja.

Ku Cleveland akaanza tena. Kwamba mwanasheria anataka tu tumulipe makuta. Kwamba ule Murundi alitafsiri vibaya. Kwamba nisiambie mama, nitamuua na hofu. Nikauliza, na interview? «Bataulizaka Président ni nani, rangi ya bendera. Nani atauliza mafuta ya mugongo?»

Ku Columbus ametoka mu gari bila kuaga. Badge ilikuwa ndani ya shati.

Siku ya pili, 21/10

Nimepiga namba ya mwanasheria. Mu pause, nyuma ya camion, nimefanya repetition mara sita. Hello, my mother has interview.

Mashini njo ilijibu. English mbio. Kisha inalia, inangoja. Inataka jina yangu na mambo yangu. Nimesikia kimya yake, sawa vile mutu anashika bic tayari kuandika.

Kuacha jina ku mashini? Nani anasikilizaka ile mashini?

Nimekata.

Siku ya ine, 23/10

Nimepiga tena. Nimekata tena. Mujinga!

Siku ya posho, 1/11

Chupa iko karibu kuisha. Mama ameanza kupunguza, matone mbili. Hakusema. Nimemuona tu. Na usiku amerudia ku kiti.

Yaya anaandika: usikuje hii mwezi, ngoja kwanza. Nimejibu ok.

Asubui mama alitaka kufunga kiatu. Akabaki ameinama. Hakuweza kupanda wala kushuka. Nilimufungia, nikamuinua sawa vile mutoto. Alikuwa anauma mudomo. «Si kitu, papa. Si kitu.» Jasho inatoka mu Novemba.

Siku ya posho, 8/11

Nimeenda.

Najua sasa, na nimeenda. Mbele nilikuwa sijue, ile ilikuwa kitu ingine. Askari ule ule, mashini ile ile, imelia. Amesema: welcome back! Ananikumbuka.

Ku daraja nilitembeza gari polepole. Wa nyuma akapiga honi. Hakuna mutu ku mupaka. Hakuna kabisa.

Mama amelala toka saa mbili. Nimekaa ku mulango, namuangalia miguu yenye imenyooka. Nimefurahi. Ni kweli, nimefurahi. Mungu anisamehe.

Siku ya ine, 13/11

Nimesema. Mwisho nimesema! Mama alikuwa anapiga kitenge pasi. Nimemuambia yale ya Buffalo: Washington, karte, kurudishwa. Nimemuambia tuombe siku ingine, tutafute mwanasheria. Maneno ilitoka yote pamoja, vibaya, ya kwanza ku mwisho.

Akaweka pasi chini. «Cikuru. Unataka nifiche?»

Nikasema hapana, mwanasheria alisema tusidanganye, tungoje tu.

«Kungoja! Papa yako alingoja.» Hakupandisha sauti. «Nilificha mara moja. Ulikuwa na miaka sita, hukumbuki. Miye nilimuosha, miye nilimufunga mu shuka ya bakimbizi ya HCR. Sitafichia mutu mwenye dossier tena. Wakiuliza nitasema. Hii inchi njo ilinipa ile karte, sikuiiba.»

Nikasema: ni state, mama, hapana inchi.

«State iko wapi? Haiko mu inchi?»

Akachukua pasi. Mazungumzo ikaisha.

Alipoenda kuoga nimefungua farde ya bleu. Nimetoa karte na risiti zote. Nimezitia chini ya kiti ya gari. Nilifanya mbio, sawa vile naiba. Wakiomba green card watapata green card tu. Labda Yaya iko na haki. Rangi ya bendera.

Siku ya tano, 14/11. Biro ya immigration

Tumefika mbele ya saa. Mama na kitenge yake ya kijani, foulard nyeupe. Ananukia sabuni. Alikunywa matone tano. Nilimuomba asikunywe leo, akasema, «Niende kuapa na maumivu?» Nilimuambia leo si kuapa, leo ni kuulizwa tu. Akasema ni njia moja.

Simu zimezimwa. Naandika na bic juu ya goti.

Officier alifungua mulango, akasoma jina yake vibaya. Mama alisimama vizuri kabisa, sawa vile ku kanisa. Ameingia na Maman Bamurange na farde. Miye nimebaki na sakoshi yake ya mukono.

Dakika makumi mbili.

Familia ya ba Nepal imetoka, bibi analia ya furaha, mutoto anaruka. Baliingia nyuma ya mama.

Dakika makumi ine.

Maman Bamurange ametoka! Anacheka. Mama anatafuta miwani yake, iko mu sakoshi. Nimeuliza, sauti kidogo: banamuuliza nini?

«Weee, mama yako ni simba! Anajibu mbio kuliko miye kutafsiri.» Bamemuuliza kama aliiba. Hapana. Kama alipiga mutu. Hapana. Kama alishikaka bunduki. «Akasema, miye? Basoda njo balinishikia!» Bamemuuliza kama aliuzaka ao kubebaka dawa ya kulevya.

Nikashika sakoshi na mikono mbili.

«Akasema hapana, miye sibebake kitu, mugongo haikubali. Mutoto wangu njo ananileteaka, kila mwezi, toka Ohio, mafuta ya bangi ya docteur. Mutoto mutulivu, hapana sawa vile bengine. Ee Cikuru, amekusifu! Mbele ya officier!»

Nimeuliza kama alitafsiri yote.

«Yote. Miye sirukake neno. Nimeapa.» Kisha akainama karibu. Anasema muzungu aliacha komputa, akachukua bic. Akauliza jina ya ule mutoto inaandikwaka namna gani. «Nimemupatia herufi moja moja, ili asikosee. Banaharibuka majina yetu sana.»

Nimemupa miwani. Amerudia ndani.

Askari ya ku mulango ya inje anaangalia huku. Ao labda anaangalia saa. Saa iko juu ya kichwa yangu. Fungulo ya gari iko mu mukono. Hatua kumi na moja mpaka inje, nimezipima na macho. Mama hajui bus ya kurudia Beechmont. Hajui hata kuuliza. Akitoka atatafuta ku hii kiti.

Sakoshi yake iko ku magoti yangu. Nzito. Anabebaka nini humu?

Mulango ya ndani imefunguka. Ni ule officier, peke yake. Mama haiko nyuma yake. Hana dossier, iko na ka karatasi kadogo tu, yenye iliandikwa na bic. Anaangalia batu mumoja mumoja. Anaangalia karatasi tena.

Amekohoa kidogo, sawa vile Bazungu banafanyaka mbele ya kujaribu majina yetu.